Mikono ya Mkamwana

"Jipu halichagui mtu, Mama Hanifa. Hata aliyepanda ndege hutoka jipu," alisema Tuntufye, na wembe wake ulikuwa unachemka kwenye kisufuria jikoni kwa Bibi Elizabeth.

"Jipu lina mdomo," Rukaya alimjibu. Alikuwa amesimama katikati ya mlango wa chumba cha mgonjwa, mikono kiunoni, upana wake wote ukiwa kazini. "Hilo lina mdomo wapi?"

"Mdomo nitaufungua mimi."

"Hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana."

"Duka lako liko ng'ambo ya barabara. Nani amekuajiri ulinzi katika nyumba hii?"

"Umbea wangu. Bila umbea wangu ungekuwa umeshamchanja mzee wa watu kabla ya chai."

Waliokaa sebuleni walicheka, na walikuwa wengi, maana tangu Mzee Ambrose arudi kutoka India nyumba ile haikuwa na kiti kitupu. Walikuja wa Busale na mikungu ya ndizi, wakaja wa Matema na samaki, wakaja wale ambao hawakuja na kitu ila masikio. Hata Rukaya mwenyewe, aliyezaliwa na watu wa pwani na kuolewa na Zubery muuza duka, alikuwa amefunga duka mara tatu wiki ile ili asipitwe na habari.

Na habari yenyewe ilikuwa kubwa. Mzee Ambrose, mkulima wa mpunga na kokoa, baba mwenye nyumba, alikuwa haendi tena hatua hamsini shambani bila kushika kifua. Madaktari wa Dar walimwandikia India. Kule walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu wa kinena, wakaupandisha mpaka kwenye moyo, wakapanua kwa kipira kidogo kinachojazwa mahali palipokuwa pameziba. Wakautoa, wakamfunga bandeji, wakamwambia apumzike. Yeye akapanda ndege mpaka Dar, kisha akakaa kwenye basi la Kyela kutwa nzima na goti limekunjwa. Alipofika kijijini Ikolo alipumzika namna gani? Kila mgeni aliyeingia, mzee aliinuka, akainama, akampa mkono. Kupokea salamu ukiwa umelala, alisema, ni kazi ya maiti.

Siku ya tatu kinena kikatoa uvimbe kama ndimu. Bibi Elizabeth, mkewe, akaukanda kwa kitambaa cha maji moto, asubuhi na jioni. Siku ya saba ndimu ikawa chungwa, ngozi ikanyooka na kung'aa. Ndipo akaitwa Tuntufye, fundi baiskeli, aliyekuwa amewatumbua majipu nusu ya watu wa Ikolo na hajafa hata mmoja, jambo ambalo hakuchoka kulitaja.

"Mama Hanifa, nipishe," alisema sasa, mpole kidogo. "Mzee anaumia."

"Anaumia, ndiyo. Lakini jana nilipomletea sukari alisema linamgonga. Wewe umewahi kuona jipu linalogonga, kama mtu yuko ndani anaomba kufunguliwa?"

Tuntufye alifikiri. "Majipu yana tabia nyingi."

"Na mkamwana wenu yuko wapi? Si nesi yule? Ameliona?"

Mtu mmoja alikohoa. Bibi Elizabeth alitazama sakafu.

Miaka kumi na mitano aliyokaa Ikolo ilikuwa imemzoesha Rukaya mambo mengi, mvua isiyojua kuacha, ndizi asubuhi ndizi jioni, lakini hili lilikuwa bado linamkaa kooni. Mkamwana wa Kinyakyusa, mke wa mtoto wa kiume, hasimami mbele ya baba mkwe. Hamtazami usoni, hasemi naye, hataji jina lake. Wakikutana njiani, yeye huingia migombani mpaka mzee apite. Nyumba nyingi siku hizi zilikuwa zimelegeza, watu wamesoma, watu wanaimba kwaya moja. Nyumba ya Mzee Ambrose haikulegeza hata uzi. Jubilate, mke wa kijana wake Eliya, alikuwa nesi wa miaka kumi na miwili, na aliishi nyuma ya migomba, mwendo wa kutema mate. Alituma uji kwa mkono wa mtoto wake Anyisile. Aliuliza kila siku anaendeleaje. Akajibiwa, ana kajipu. Nani angemweleza mkamwana kajipu kenyewe kako kinenani mwa mkwe wake? Na Eliya mwenyewe alikuwa kwenye meli, huko chini kuelekea Mbamba Bay.

Kwa hiyo mtu pekee mwenye macho ya kuujua uvimbe ule alikuwa amefichwa uvimbe ule, na aliyemficha alikuwa adabu.

"Mimi si Mnyakyusa," Rukaya alisema. "Laana yenu hainijui jina. Naenda kumwita."

"Hawezi kuingia," alisema Bibi Elizabeth.

"Dirisha je, nalo lina mwiko?"

Akatoka kabla hawajakubaliana juu ya dirisha.

Jubilate alikuja amevaa sare, maana alikuwa anaondoka kwenda zamu. Alisimama nje, chini ya dirisha la chumba, mgongo ukiwa ukutani na kitenge kichwani. Ndani, Rukaya aliinama kando ya kitanda. Mzee Ambrose alifumba macho na kugeuzia uso ukutani.

"Mama Hanifa," sauti ya Jubilate iliingia, ndogo lakini imenyooka. "Weka vidole viwili juu yake, kimoja huku, kimoja kule. Usibonyeze. Niambie linafanya nini."

Rukaya aliweka. Akavitoa. Akaviweka tena. "Linadunda."

"Linavinyanyua vidole, au linavitenganisha?"

"Linavitenganisha. Kila pigo, linavisukuma huku na huku. Mama Anyisile, kitu hiki ni kizima."

"Weka sikio."

"Niweke nini?"

"Sikio."

"Kwenye kinena cha mume wa mtu?"

"Weka, mwanangu," alisema Bibi Elizabeth kutoka mlangoni. "Mwenye mume nimeruhusu."

Rukaya aliweka sikio. Aliusikia mvumo, unakuja na kupungua, unakuja na kupungua, kama maji yanayopenya ufa kwenye tuta la jaruba wakati mpunga umejazwa maji. Alisema hivyo hivyo.

Kisha Jubilate akasema haraka, akisahau kunong'ona. "Tuta limetoboka. Pale mrija ulipopita, tundu la mshipa halikufunga. Damu inatoka na kurudi, inajichimbia bwawa nyamani. Nimeliona hili Dar nikiwa masomoni, kwa mgonjwa aliyetoka India vilevile. Lisikandwe tena. Asiinuke. Asikunje mguu. Na mtu mwenye wembe, mwambieni bwawa hilo akilifungua, damu itaisha kabla hajapata kitambaa cha kufutia. Aende Mbeya sasa hivi, kuna daktari mwenye mashine ya kuonea ndani."

Watu wote walimtazama Tuntufye. Tuntufye alikwenda jikoni, akautoa wembe kwa kijiko, akaufunga kwenye karatasi mara nne, akautia mfuko wa ndani kabisa wa koti.

"Nilisema majipu yana tabia nyingi," alisema.

Basi Ikolo ikaamka. Rukaya alivuka barabara mbio, kanga inampepea, akamkuta Zubery anapakia mchele kwenye pikapu yake ya Kijapani, magunia ya kupeleka sokoni.

"Shusha," alisema.

"Nishushe nini? Nimetoka kupandisha."

"Shusha ya juu, acha ya chini. Kuna mtu atalala."

Zubery alikuwa mume mwenye uzoefu. Alishusha. Juu ya magunia yaliyobaki wakatandika godoro, na wanaume sita wakambeba Mzee Ambrose amenyooka kama ubao, mmoja akiwa na kazi ya mguu wa kulia tu. Bibi Elizabeth akakaa kichwani. Rukaya akakaa ubavuni. Tuntufye akapanda pia, hakuna aliyemwalika.

"Wewe unakwenda kufanya nini?" Rukaya alimuuliza.

"Kuona. Miaka ishirini nikitumbua. Nataka kuona lile lisilotumbuliwa."

Jubilate alipanda mbele pamoja na Zubery, uso mbele, kitenge kichwani. Kati yake na mgonjwa wake palikuwa na kile kidirisha cha nyuma ya dereva, na humo ndimo maneno yalipita.

"Mama Hanifa, mguu una joto?"

"Una joto."

"Kucha zina rangi?"

"Zina rangi kunishinda mimi."

Zubery aliendesha kama anabeba mayai ya watu. Walifika njia panda ya Kasumulu, wakashika lami ya kupanda Tukuyu, na watu kando ya barabara walisimama kutazama gari lenye mzee amelalia mchele na mwanamke mnene ameweka vidole kinenani pake. Rukaya aliwapungia mkono wa pili. Alianza kuiona safari ile tamu. Alikuwa ameshapanga atakavyoisimulia, na nani atasimuliwa kwanza.

Kwenye kona ya pili ya mlima, lori la mbao lilitokea katikati ya barabara. Zubery alikata kushoto, gurudumu likaingia shimoni, pikapu ikaruka. Magunia yalihama. Mzee Ambrose aliteleza, goti likakunjika mpaka tumboni, akatoa sauti ambayo mtu mzima haitoi mbele za watu.

Rukaya alitazama chini ya shuka. Chungwa lilikuwa linakua akiliona kwa macho, ngozi inageuka rangi ya zambarau.

"Linakua," alisema. Kisha akapiga kidirisha kwa kiganja. "Mama Anyisile, linakua, linakuja juu."

"Bonyeza. Tafuta tundu la mrija, panda juu yake upana wa kidole kimoja, bonyeza kuelekea mfupa."

"Tundu silioni, pameshavimba pote." Alibonyeza. Kitu kikamtoroka chini ya kiganja, kikatokea upande wa pili. Alibonyeza upande huo. "Linanikimbia. Mkono wangu haujui."

"Baba Eliya," Bibi Elizabeth alikuwa anamwita mumewe. "Baba Eliya, nitazame." Midomo ya mzee ilikuwa imeingia weupe, na jasho lilimtiririka kwenye baridi ile ya mlimani.

Zubery alikuwa ameshasimamisha gari. Mlango wa mbele ulifunguka. Jubilate alikanyaga tairi, akashika ubao wa pembeni, na hapo akasimama, mguu mmoja ndani ya pikapu na mmoja nje, uso ameugeuzia bonde. Rukaya hakuwahi kuona mtu anavutwa na kamba mbili namna ile. Kila pumzi ya mzee ilikuwa inakatika mapema kuliko ya kabla yake.

"Mama Hanifa," Jubilate alisema akiwa bado anatazama bonde. "Nipe kanga yako ya juu."

Rukaya aliivua. Jubilate aliipokea bila kugeuka, akampa Bibi Elizabeth. "Mfunike uso, mama. Asinione. Na mimi nisimwone."

Bibi Elizabeth aliishika kanga ile kitambo kidogo tu, lakini Rukaya aliona ni kama msimu mzima. Kisha akaitandaza usoni kwa mumewe, polepole, akaacha upenyo wa pua.

Jubilate akaingia. Akapiga magoti juu ya mchele, akashusha vidole vitatu kwenye kile kinena, akatafuta, akapata. Akanyoosha viwiko, akaegemeza uzito wake wote. Uvimbe ukasita. Ukatulia. Haukukua tena.

"Twende," alisema. "Na mashimo uyaone kabla hayajatuona sisi."

Kutoka pale mpaka Mbeya ni mwendo wa saa mbili kwa gari linalobembelezwa, na saa mbili zote Jubilate hakunyanyua mkono. Alihesabu kwa sauti ya chini, moja mpaka mia, akafika mia akaanza tena, na kila mia alimwambia Rukaya ashike vidole vya mguu. Vikipoa alilegeza kidogo tu, damu ipate njia ya kwenda chini. Vikipata joto alikaza. Walipopita mashamba ya chai, mikono yake ilianza kuchoka. Rukaya aliweka viganja vyake juu ya viganja vya Jubilate, akashusha kifua chake chote.

"Leo unene umepata kazi," alisema, na Jubilate akacheka bila kuacha kuhesabu.

"Zubery," Rukaya aliita kidirishani, "ujue tu kwamba mkono wangu uko kwenye paja la mwanamume mwingine, na wewe ndiye unayetuendesha."

"Nimeshajua. Kaza."

Tuntufye alikuwa ameupakata ule mguu wa kulia tangu lile shimo. Aliushikilia umenyooka, hakusogea. Kiwira ilipita, Uyole ikapita. Bibi Elizabeth aliona kanga ikicheza kidogo mahali pa midomo ya mzee, akadhani anasali.

Hospitalini walimpokea na kitanda cha magurudumu, na Jubilate akaingia nacho akikimbia kando yake, mikono palepale. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Hakumwambia Jubilate aondoe mikono. Alipaka dawa ya ubaridi, akaweka kidude cha ile mashine ubavuni mwa mikono yake, akatazama kioo.

"Sasa legeza, polepole."

Kwenye kioo, Rukaya aliyejipenyeza kama ndugu wa damu, Tuntufye nyuma yake, aliliona bwawa lenyewe, jeusi, na kijito chembamba kinarukia ndani yake kwa kila pigo la moyo.

"Shingo ya tundu ni nyembamba," daktari alisema. "Mpasuaji yuko tayari kufungua na kushona. Lakini nusu ya bwawa imeshaganda. Nani aliyembonyeza?"

"Mkamwana wake," alisema Rukaya. "Na mimi kwa uzito."

"Basi tujaribu kumaliza mlichoanza."

Daktari alibonyeza kwa kile kidude, macho yake kwenye kioo, akifinya ile shingo tu na kuuacha mshipa wenyewe upitishe damu. Dakika kumi, akalegeza. Kijito bado. Dakika kumi tena. Kikawa uzi. Mara ya tatu Rukaya alijikuta amemshika Tuntufye mkono, na Tuntufye ameuacha ushikwe. Daktari alilegeza. Bwawa lilikuwa jeusi tupu, limetulia, hakuna kinachoingia. Pembeni, mshipa ulikuwa unakwenda zake kuelekea mguuni kama mto uliorudi kwenye njia yake.

"Mfuko wa mchanga juu ya kinena, na alale chali mpaka kesho," alisema daktari. "Asiinuke kumsalimu hata rais. Kesho tutaangalia tena."

Tuntufye alimuuliza kwa adabu sana kama kuna namna ya kulitambua la aina hii kabla ya kuwasha moto. Daktari alimtazama, akamwambia lolote linalodunda alete kwake. Tuntufye akashukuru sana, ndaga, ndaga fijo, akatoka nje, na Rukaya akamwona kwenye ua anatafuta pipa la taka, mkono ndani ya koti.

Kesho yake adhuhuri mashine ilisema yale yale: pamefunga. Raudha, dada yake Zubery anayeishi Mbeya, alikuja wodini na sufuria ya wali wa Kyela na samaki mbasa wa nazi, na harufu ikawafanya wagonjwa wa vitanda sita wajue majirani zao ni nani. Watu wa Ikolo walikuwa wameshaanza kufika kwa basi. Rukaya aliwapanga kuzunguka kitanda, akawasimulia kuanzia wembe, na kila alipofika kwenye kanga alishusha sauti, kwa sababu Jubilate alikuwa kwenye benchi la ukumbini, amewapa mgongo, sare yake ina madoa ya jana.

Hakuna aliyejua litakuwaje. Wakubwa wawili wa ukoo walikuwa wameketi karibu na kichwa cha mzee, na nyuso zao hazikuwa zimeamua kitu. Mkamwana amemshika baba mkwe, mchana, barabarani, watu wakiona. Kwa hilo mwanamke huweza kurudishwa kwao.

"Mama Hanifa," alisema Mzee Ambrose. Sauti yake ilikuwa dhaifu. "Alihesabu mpaka mia mara ngapi?"

"Sikuhesabu, mzee. Mimi nilikuwa mguuni."

"Mimi nilihesabu naye. Mara sitini na nne. Nilisema akiacha, nami naacha." Akapumua. Aliwatazama wale wakubwa wawili, mmoja baada ya mwingine. "Chakula kipakuliwe."

Bibi Elizabeth alipakua. Mzee aliitazama sahani ya kwanza, akatikisa kichwa kwamba si yake. Akageuza uso, si kwa Rukaya wa kupeleka maneno, bali mlangoni moja kwa moja, kwa ule mgongo.

"Mama Anyisile," alisema. "Ingia ndani ule, mwanangu."